UZI: Unataka kujua rangi za mafuta? Nakili picha ya ukutani yenye watu wengi na rangi zilizopoa

Mchoraji_Kirumba

Wakuu habari za leo. Vijana wengi wa hapa Mwanza wananiuliza waanzie wapi na rangi za mafuta, na nikimjibu mmoja mmoja naona narudia yale yale, bora niweke uzi tuchangie wote. Jibu langu ni moja na nalisimamia: usianze na machweo ya ziwa, usianze na simba, wala usianze na sura ya mtu mmoja uliyoitoa kwenye simu. Tafuta picha ya kidini ya ukutani, ya zamani, yenye watu wengi waliosimama pamoja na rangi zake zimepoa, halafu inakili yote kuanzia kona mpaka kona.

Kwa nini iwe imepoa? Kwa sababu rangi kali inakubeba. Ukipaka chungwa la jua linalozama juu ya bluu kila mtu atasema nzuri hiyo, hata kama Jiwe la Bismarck, ule mwamba wetu wa ziwani, pale mbele halina uzito wala upande wa kivuli. Ila ukiwa na kijivu, udongo, waridi iliyofifia na bluu ya vumbi basi, hakuna cha kukubeba, kitu kinasimama kwa mwanga na kivuli chake tu, ukikosa toni, yaani kiwango cha mwanga na giza, mtu analala bapa pale pale unamuona. Na kwa nini watu wengi? Mtu mmoja unaweza kumpatia kwa bahati. Kundi huwezi, maana kila mtu anamdai mwenzake, huyu akiwa mweupe sana anamrusha yule wa nyuma mbele, mguu wa huyu ukishuka kidogo anakuwa jitu. Hapo ndo unajifunza kuchora.

Picha ninayoipendekeza ni Fedha ya Kodi ya mchoraji Masaccio. Ipo Florence kule Italia, kanisa la Santa Maria del Carmine, ndani ya kikanisa cha familia ya Brancacci. Aliichora kati ya 1425 na 1427 hivi, akiwa kijana kabisa, maana alizaliwa 1401 na akafariki 1428. Ina upana wa karibu mita 6 na kimo cha mita 2 na nusu. Stori mnaijua, Mathayo 17, watoza kodi ya hekalu wanamuuliza Petro kama mwalimu wake halipi, Yesu anamwambia nenda katupe ndoano, samaki wa kwanza utamkuta na fedha mdomoni, kalipe kwa ajili yangu na yako. Masaccio kaiweka stori nzima kwenye ukuta mmoja: katikati Yesu na mitume wamekusanyika na mtoza kodi katupa mgongo, kushoto kule mbali Petro kachuchumaa ukingoni anamtoa samaki fedha mdomoni, kulia Petro huyo huyo anakabidhi. Kwa hiyo Petro yupo mara tatu na mtoza kodi mara mbili.

Kwa mtu wa kanda ya ziwa hiyo ni picha ya nyumbani. Angalieni Petro wa kushoto, kavua joho lake kaliweka pembeni kwanza ndo akainama kwenye maji. Nenda Mwaloni, soko letu la samaki, alfajiri utawaona wavuvi wanafanya hivyo hivyo.

Maswali karibuni, hatua naziweka chini.

dada_nyegezi

Asante kaka kwa uzi. Mi natumia akriliki, mafuta sijawahi. Swali langu: hiyo si ni freska? Sasa unanakilije freska kwa rangi za mafuta wakati ni vitu viwili tofauti, si bora kunakili picha iliyochorwa kwa mafuta toka mwanzo?

Mchoraji_Kirumba

Dada swali zuri sana na ndo kiini chenyewe.

Freska ni rangi ya unga iliyokorogwa na maji inapakwa juu ya plasta ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka inavuta hewa ukaa, inarudi kuwa jiwe, na ile rangi inafungiwa humo humo ndani ya ukuta. Ndo maana haing'ai, ina ule mwonekano wa unga unga, na ndo maana pia rangi zake ni chache, kwa sababu rangi nyingi chokaa inaziunguza, zinazovumilia ni za udongo zaidi. Pia mchoraji wa freska anagawa kazi kwa vipande, anapaka plasta ya siku hiyo tu, ikishakauka imetoka hiyo, kurekebisha ni kubandua.

Mafuta ni kinyume chake kwa kila kitu. Hayakauki kwa kupoteza maji, yanakauka kwa kuvuta oksijeni, taratibu, kwa hiyo unaweza kuchanganya juu ya picha yenyewe, ukafuta, ukarudi kesho. Yanang'aa. Na yanakuvuta kwenda kwenye giza, yaani mtu anayeanza mafuta anaweka kivuli cheusi tii kwa sababu rangi inamruhusu. Sasa ukijilazimisha kupata ule utulivu wa ukuta kwa kutumia mafuta, kila kivuli inabidi ukifikirie: ni cheusi kweli au ni kijivu cha joto? Kila rangi inabidi uiguse na nyeupe na uivunje na rangi pinzani yake. Picha iliyochorwa kwa mafuta tayari mwenyewe kashakufanyia hiyo kazi, we unafuata tu. Ukitoa kwenye ukuta kuleta kwenye mafuta unalazimika kuelewa.

Na akriliki yako sio kizuizi, tabaka la kwanza unaweza kabisa kulipiga na akriliki nyembamba halafu mafuta yakaja juu. Kinyume chake ndo haikubaliki, akriliki juu ya mafuta itabanduka.

mzee_wa_sato

Nimependa huu uzi ingawa mimi sio mchoraji ni mtu wa samaki. Nichangie kidogo hapo kwenye samaki wa Petro. Ziwa la Galilaya nako kuna jamii ya sato, watalii wakienda kule wanaletewa mezani wanaambiwa ndo samaki wa Petro. Ni ndugu kabisa na ngege na sato wa kwetu. Kwa hiyo kijana ukifika kwenye ile kona ya kushoto chora samaki unayemjua, wala usihangaike.

Mchoraji_Kirumba

Shikamoo mzee. Nashukuru sana. Ila ukiwa unanakili mzee inabidi umfuate Masaccio hata kwenye samaki, uhuru unakuja kwenye picha yako mwenyewe baada ya hapo. Ila kwa mwenye kujua sato alivyo shingoni na mdomoni ile kona itamtoka vizuri zaidi, hilo ni kweli kabisa.

FundiUbao

Mkuu sisi mafundi tunataka kujua ubao. Kanvasi ya kununua bei imesimama. Naona wengi hapa mjini wanachorea hadibodi, inafaa?

Mchoraji_Kirumba

Inafaa sana mkuu. Hata Edward Tingatinga kule Dar miaka ya 60 mwishoni alianzia kwenye hadibodi na rangi za kung'aa za dukani, na leo dunia nzima inamjua. Kwa hii picha mi ningesema plaiwudi au hadibodi upande laini, na kipimo usikiote tu. Mita 6 kwa mita 2.5, ukigawa ni kama upana mara mbili na nusu ya kimo, pungufu kidogo. Ubao wa sentimita 120 kwa 50 unakaa vizuri, kichwa cha mtume kinakuwa na ukubwa ambao brashi ya kawaida inaweza kukifanya. Chini ya hapo utaanza kutumia brashi ya nywele tatu na utajifunza uvumilivu tu, sio rangi.

Kuutayarisha: piga msasa, piga gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji pande zote mbili ili ubao usipinde na mafuta yasizame kwenye mbao. Ikikauka changanya gundi hiyo hiyo na unga wa chaki mpaka iwe na uzito wa uji mwepesi, piga tabaka la kwanza kwa kulala, la pili kwa kusimama, msasa mwepesi katikati. NAOMBA MSITUMIE CHOKAA. Najua ipo kila duka la hadiwea na ni rahisi, lakini chokaa mbichi inayala mafuta, inayageuza kama sabuni, picha itaoza kutoka chini. Chaki na chokaa ni vitu tofauti.

Kuna faida nyingine ya chaki. Inanyonya. Mafuta ya ziada yanaingia chini na rangi inabaki imefubaa juu, bila kung'aa, na huo ndo mwonekano wa ukuta tunaoutafuta.

Baada ya hapo usiache ubao mweupe pee. Chukua amba (kahawia ya udongo) na oka ya njano (njano ya udongo) kidogo, yeyusha kwa tapentaini iwe nyembamba, pakaza ubao wote halafu futa na kitambaa ubaki na rangi ya udongo wa kati. Kwenye ubao mweupe kila unachoweka kinaonekana giza, utadanganyika mwanzo mwisho.

Kisesa_wa_Bujora

Mimi nina mtazamo tofauti naomba nisieleweke vibaya. Kwa nini kijana wa Kisukuma aanze na ukuta wa Italia wa miaka 600 iliyopita? Pale Bujora Padre David Clement alijenga kanisa akaingiza alama za Wasukuma ndani yake, ngoma, viti vya watemi, vitu vyetu. Kuna cha kujifunza pale. Tukianza na kunakili Wazungu tutaishia kuchora Wazungu.

Mchoraji_Kirumba

Kaka hoja yako ni nzito na siipingi juu juu. Bujora kila mchoraji wa kanda hii aende, na aende na daftari. Ila naomba utofautishe kujifunza chombo na kuchagua cha kusema. Rangi za mafuta ni chombo ambacho wao walikikuza kwa karne nyingi, kazi ambazo chombo hicho kilijifunzia ziko wazi, tunaziingia kama vile fundi anavyoingia karakana ya mtu kuangalia anavyoshika randa, akitoka anatengeneza mlango wa nyumba ya kwao.

Na kunakili sio utumwa. Ukuta huu huu wa Brancacci ulikuwa darasa. Vasari aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia anataja orodha ndefu ya waliokwenda pale kuchora wakiutazama. Michelangelo akiwa kijana alikaa hapo ananakili, na mchoro wake wa yule Petro wa kulia anayekabidhi fedha upo mpaka leo, umehifadhiwa Munich, kalamu ya wino na chaki nyekundu. Hapo hapo kanisani ndo alipogombana na mwenzake Torrigiano akapigwa ngumi pua ikavunjika, ndo ile pua unayoiona imelala kwenye picha zake zote. Sasa angalia huyo Michelangelo alipokuja kuchora vya kwake, nani atasema ni nakala ya Masaccio? Alichochukua ni uzito wa mwili chini ya joho. Hicho ndo na sisi tunakifuata.

Kisesa_wa_Bujora

Hapo kwenye chombo na cha kusema nimekuelewa. Endelea mkuu nafuatilia.

dada_nyegezi

Kaka tupe sasa hatua za kuchora, na hiyo picha tunaitoa wapi yenye ubora?

Mchoraji_Kirumba

Picha ipo mtandaoni bure, kubwa, ila kuwa makini sana hapa. Kuna picha za zamani za ukuta huo zinaonyesha kila kitu kahawia na giza, hizo ziache. Kanisa liliungua mwaka 1771, moshi ukaingia, na mishumaa ya miaka yote na madawa waliyopaka watu wa kale, ukuta ukawa mweusi. Miaka ya 1980 walisafisha wakakuta chini yake kuna rangi nyepesi, waridi, kijani, bluu ya hewa. Tumia picha iliyopigwa baada ya usafi. Ukinakili ile ya zamani utakuwa unanakili masizi. Halafu ukiweza kaprinti rangi kubwa mjini, kioo cha simu kinawaka chenyewe, kila kitu kinaonekana kimejaa mwanga ambao rangi haina.

Hatua ya kwanza, miraba. Gawa picha miraba sawa na ubao miraba sawa kwa idadi hiyo hiyo, hamisha mstari mkubwa tu. Usichore macho, usichore vidole. Chora kundi zima kama umbo moja, kisha lile pengo kati ya kundi la katikati na Petro wa kulia, kisha mlima. Hayo mapengo ni muhimu kuliko watu, ukiyapata mapengo watu wanajipanga wenyewe.

Sasa nisimame hapa kidogo maana hapa ndo utamu. Weka rula kwenye vichwa vya mitume pale katikati. Vichwa vyote, wa mbele na wa nyuma, vipo karibu mstari mmoja. Miguu ndo haipo sawa, wa mbele miguu ipo chini, wa nyuma miguu ipo juu. Nilikuwa naona hilo kama mtindo tu wa zamani mpaka nikasimama Mwaloni kwenye tambarare pale mitumbwi inapopakua dagaa. Angalia wabeba ndoo na akina mama wanunuzi wote waliosimama, walio karibu na walio mbali kule kwenye maji. Mstari wa ziwa unapita usawa wa macho yako, na unapita kwenye macho ya karibu kila mtu aliyesimama, haijalishi umbali. Aliye mbali anafupika kutokea miguuni sio kichwani. Aliyeinama kuokota ndo anatoka kwenye mstari, aliyepanda ukingo wa mtumbwi ndo anapita juu. Masaccio alikuwa anakuweka wewe mtazamaji usimame ardhi moja na mitume. Ukishaliona hili kundi la watu halikutishi tena maishani.

Na mistari ya lile jengo la kulia, ifuate yote kwa rula kuelekea kushoto, inakutana kwenye kichwa cha Yesu. Usiharibu hilo, ndo linaloshikilia picha.

Hatua ya pili, toni bila rangi. Nyeupe na amba tu, pengine na nyeusi tone moja. Jipangie toni tano: mwanga, mwanga wa kati, kati, kivuli, kivuli kizito. Kunja macho uangalie picha mpaka sura zipotee ubaki na mabaka. Mwanga wote unatoka kulia. Hii sio bahati, dirisha halisi la kikanisa lipo upande huo wa kulia ukiutazama ukuta, kwa hiyo alichora kana kwamba mwanga wa dirisha ndo unawaangukia mitume. Kila mtu, kila mkunjo wa joho, upande wa kulia unapata mwanga na wa kushoto unaingia kivulini, na vivuli vya miguu vinalala chini kuelekea kushoto. Ukijiuliza mahali popote niweke nini, rudi kwenye hilo. Angalia miguu ya yule mtoza kodi aliyetupa mgongo, ipo wazi, ndo mahali pa kujifunzia: mpaka kati ya mwanga na kivuli unashuka kwenye misuli ya nyuma ya goti, mahali pengine ni mkali, mahali pengine umeyeyuka. Rudia miguu hiyo kwenye kipande cha hadibodi pembeni mpaka ikae, ndo uje kwenye ubao.

Kaa kwenye hatua hii muda mrefu. Picha ikisimama kwa kahawia na nyeupe tu, robo tatu ya kazi imeisha, na mimi naona hata ukiishia hapo umejifunza zaidi ya aliyekimbilia rangi.

FundiUbao

Mkuu hapo kwenye mstari wa vichwa umenifungua. Kesho naenda feri ya Kamanga kuhakikisha kwa macho yangu.

Mchoraji_Kirumba

Nenda mkuu, ila simama kwenye tambarare sawa na wao, ukiwa juu ya mwamba au ngazi hautauona, vichwa vitashuka chini ya mstari wa maji.

Lake_Zone_Art

Wakuu mimi rangi zinanichanganya. Nikichanganya kupata kijivu napata matope. Hizo rangi zilizopoa mnazipataje bila kuwa chafu?

Mchoraji_Kirumba

Matope yanatokea kwa sababu mbili. Moja, rangi nyingi mno kwenye mchanganyiko mmoja. Mbili, na hii ndo kubwa, toni haipo sahihi, macho yanasema chafu kumbe kosa ni mwanga na kivuli. Kijivu chochote kikikaa kwenye toni yake kinaonekana safi.

Mi natumia nyeupe ya titaniamu, oka ya njano, nyekundu ya udongo, amba mbichi, nyeusi, na bluu ya ultramarini. Sita basi. Kijani huna, na hauhitaji, nyeusi na oka vinakupa kijani kilichopoa kizuri kabisa. Nyeusi na nyeupe pembeni ya nyekundu ya udongo inaonekana bluu, jaribu uone, milima ya nyuma unaweza kuipata nusu yake bila kugusa bluu yenyewe. Hiyo milima fanya hivi: kila unapokwenda mbali ongeza nyeupe na punguza tofauti kati ya mwanga na kivuli. Masaccio alikuwa wa mwanzo mwanzo kuifanya hewa ionekane namna hiyo. Simama Capri Point asubuhi ya kiangazi uangalie visiwa, cha karibu mawe yake unayahesabu, cha mbali ni kivuli kimoja tu cha kijivu.

Kwa majoho: tengeneza kijivu kimoja cha kati kwenye paleti (kibao cha kuchanganyia rangi), kingi, halafu kila rangi ya joho iwekee kidogo ya hicho kijivu. Joho la Petro ni oka, usiitie njano kali. Kanzu ya Yesu ni waridi, yaani nyekundu ya udongo na nyeupe, joho lake bluu, hiyo bluu ivunje na amba. Kwa kuwa zote zina damu moja ya kile kijivu zitaelewana zenyewe. Mwisho kabisa ndo unaruhusu rangi moja ipande kidogo kuliko wenzake.

dada_nyegezi

Na ngozi je? Nimesoma wale wa zamani walikuwa wanaweka kijani chini.

Mchoraji_Kirumba

Kweli dada, Waitalia wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kuweka udongo wa kijani chini ya ngozi halafu waridi juu. Kwa mafuta fanya kivuli cha ngozi kiwe kijivu chenye kijani, ile ile nyeusi na oka na nyeupe, kikauke, kisha ngozi ya joto juu yake nyembamba upande wa mwanga tu, kivuli kiache kiwe kile kijivu cha chini. Utaona ngozi inapumua. Na ukishajua hilo kwa ngozi zao, kwa ngozi zetu kanuni ni ile ile, mwanga wetu unapoa zaidi kwenda bluu ya anga na kivuli kinakuwa cha joto zaidi, nyekundu ya udongo inafanya kazi kubwa.

Mwana_SAUT

Samahani kuingilia. Kuna Mfaransa anaitwa Pierre Puvis de Chavannes nimemsoma, yeye michoro yake ya ukutani sio freska, alichora kwa mafuta kwenye kanvasi halafu ikabandikwa ukutani. Ya Mtakatifu Genevieva ipo Panthéon pale Paris, aliianza miaka ya 1870. Rangi zimepoa sana na watu ni wengi. Si ingekuwa rahisi zaidi kwa anayeanza?

Mchoraji_Kirumba

Mchango mzuri sana ndugu. Puvis namheshimu mno, yeye alifanya kwa makusudi hicho tunachokitafuta, alipoza mafuta ili picha iheshimu ukuta wa mawe isiutoboe, isionekane shimo. Kwa somo la rangi pekee yake Puvis anafaa na pengine anamzidi. Ila kwa anayeanza namuweka wa pili, kwa sababu mwanga wake ni mwepesi umesambaa, vivuli vyake vimefifia mno, ukimnakili kabla ya kujua uzito wa mwili utapata watu bapa na utafikiri umepatia. Anza na Masaccio, mwanga wa upande mmoja, kisha nenda kwa Puvis ujifunze kunong'ona.

Lake_Zone_Art

Mafuta na tapentaini kiasi gani? Na kukauka inachukua muda gani hapa kwetu?

Mchoraji_Kirumba

Sheria moja: chini konda juu mafuta. Tabaka la kwanza rangi na tapentaini, la kati rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, la juu unaruhusu tone la mafuta ya kitani. Ukigeuza, la chini lenye mafuta mengi litaendelea kusogea wakati la juu limeshakakamaa, nyufa zitakuja.

Muda unategemea rangi. Amba inakauka haraka kwa sababu ina manganizi ndani, ndo maana naisisitiza kwa tabaka la toni. Nyeusi na nyeupe ya titaniamu zinachelewa. Gusa na kidole pembeni, ikinata acha. Masika hewa ikiwa na unyevu unasubiri zaidi, weka ubao chumba chenye hewa inayopita na mwanga, usiuweke kabatini, mafuta yakikaukia gizani yanaelekea njano.

Na jambo la kwetu la ziwani: wale wadudu wadogo wanaotoka majini kwa makundi, ukiacha taa inawaka na dirisha wazi usiku watatua wote kwenye rangi mbichi. Funika ubao kwa chandarua kilichovutwa kwenye fremu kisiguse picha. Wakishanasa usiwafute, subiri rangi ikauke, utawapangusa kwa kitambaa kikavu.

Kama unataka ifubae zaidi, kamulia rangi kwenye gazeti kwanza, iache gazeti linyonye mafuta kidogo ndo uhamishie kwenye paleti. Usiiache mpaka ikauke kama unga, haitashika. Na usipige vanishi ya kung'aa mwishoni, utapoteza ukuta wote uliohangaikia.

mama_Igoma

Mwanangu anapenda hii kazi, ana miaka 15, anachorea chumbani analala humo humo. Hizo tapentaini na mafuta hazina madhara?

Mchoraji_Kirumba

Mama asante kwa kuuliza, hili watu hawalisemi. Asichore kwa tapentaini chumba anacholala, mvuke wake unaumiza kichwa na mapafu, achoree barazani au penye dirisha pande mbili, kopo liwe na mfuniko. Mwambie asile wala asishike chakula na mikono yenye rangi.

Na kubwa kuliko yote ni vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikifinyangwa na kutupwa kwenye ndoo au kona, mafuta yanapovuta oksijeni yanazalisha joto, joto likikosa pa kutokea kitambaa kinaweza kuwaka moto chenyewe bila kiberiti. Na joto la mchana la hapa kwetu linasaidia. Kila siku akimaliza avitandaze kimoja kimoja nje kwenye kamba au sakafu ya saruji vikauke, au aviloweke kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Kwa mtoto wa umri huo mi ningemwachia hatua ya toni kwa akriliki nyeusi na nyeupe kwanza, anajifunza yale yale, mafuta yaje akiwa na sehemu ya kufanyia.

mama_Igoma

Ubarikiwe sana, nitampa huu uzi asome wote.

Kisesa_wa_Bujora

Mkuu la mwisho. Mtu akimaliza nakala yake anaweza kuiuza au kuitoa kigangoni? Na baada ya hapo anafanya nini?

Mchoraji_Kirumba

Anaweza, kazi ya miaka 600 haina mwenye haki tena. Ila nyuma ya ubao aandike kwa kalamu isiyofutika kwamba ni nakala kutoka kwa Masaccio, jina lake na mwaka, ili asije mtu akadanganywa.

Baada ya hapo, kaka, ndo narudi kwenye hoja yako ya mwanzo. Achukue ubao mwingine wa kipimo kile kile, 120 kwa 50, na rangi zile zile sita. Aende Mwaloni na daftari achore watu wakisubiri mitumbwi, vichwa mstari mmoja, mwanga upande mmoja, mmoja katupa mgongo mbele kabisa ili kundi lifunguke kwetu. Stori achague mwenyewe, ya Petro au ya ushuru wa sokoni au ya ndoo ya dagaa inayogombaniwa. Mkifika hapo wekeni picha zenu kwenye uzi huu, na za hatua ya toni pia, hizo ndo nitakazoziangalia kwanza.